Mdogo wangu anasema atanivuta: nusu marathoni ya ndugu wawili ugenini

SWALI: "Mimi ni dada wa miaka 38, mdogo wangu wa kiume ana 33. Kila mmoja anaishi nchi yake na miaka hii yote tunaonana kwenye simu tu. Sasa tumejiandikisha nusu marathoni katika mji ambao hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Yeye humaliza kwa saa 1 na dakika 56, mimi kwa saa 2 na dakika 17. Anataka tukimbie pamoja, anasema atanivuta nivunje rekodi yangu. Mimi naogopa nitamharibia mbio zake. Tukubaliane kasi ya katikati, au kila mtu akimbie zake? Nitasafiri kwa ndege saa 11 kuelekea mashariki, tofauti ya saa 6. Nitafika Ijumaa jioni, mbio ni Jumapili saa 1 asubuhi, na huko kuna joto kuliko kwangu. Kwa taarifa tu: sote tuna afya njema. Baba yetu alifariki ghafla akiwa na miaka 46, lakini hakuwa mwanamichezo."

JIBU: Dada yangu, umeuliza kuhusu kasi na safari, na nitayajibu yote mawili. Lakini sentensi yako ya mwisho, ile uliyoitanguliza kwa "kwa taarifa tu", ina uzito kuliko zote zilizoitangulia. Naomba nianze nayo.

Mtu akifariki ghafla kabla ya miaka 50 na chanzo kisijulikane, sisi madaktari wa michezo tunaufikiria moyo kwanza. Kwamba baba hakuwa mwanamichezo hakubadilishi hilo. Yapo magonjwa ya kurithi ambayo humkaa mtu kimya kwa miaka mingi: msuli wa moyo kunenepa kupita kiasi, hitilafu katika umeme wa moyo, au lehemu (kolesteroli) nyingi ya kurithi ambayo huziba mishipa mapema. Kwa mengi kati ya hayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuyapokea kutoka kwa mzazi aliye nayo, na bahati ya mmoja haimhusu mwenzake. Ndiyo maana majibu yako yakitoka safi hayamsafishi mdogo wako, wala yake hayakusafishi wewe. Mwende wote wawili, kila mmoja alipo, na mmweleze daktari habari ya baba kwa ukamilifu: umri wake, alikuwa akifanya nini, kama aliwahi kuzimia au kulalamika kifua. Ombeni kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, ultrasaundi ya moyo, na kipimo cha lehemu kwenye damu. Kama wako baba wadogo, shangazi au binamu waliofariki ghafla, au waliozama majini wakati walijua kuogelea, litajeni na hilo.

Sisemi haya kuwatisha. Nchini Marekani, watafiti walihesabu wakimbiaji wapatao milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kati ya mwaka 2000 na 2010. Waliosimama moyo walikuwa 59, yaani takriban mmoja kwa kila 184,000, na nusu marathoni ilikuwa na matukio machache kuliko marathoni kamili. Kwa mkimbiaji wa kawaida hatari hiyo ni ndogo sana. Ila familia yenye historia kama yenu haiwezi kujihesabu ya kawaida mpaka ipimwe. Na kama mmoja wenu amewahi kuzimia akiwa anakimbia, au kubanwa kifua akipanda mlima, asikimbie hata mazoezi mpaka aonane na daktari.

Tuchukulie sasa kwamba mmepimwa na mmeruhusiwa. Tuje kwenye kuvutana.

Mdogo wako anakupenda na anataka kukusaidia, lakini kwa kasi yako neno "kuvuta" halina nguvu anazozifikiria. Kwenye baiskeli, anayetangulia anakata upepo na wa nyuma anapata nafuu kubwa. Wewe unakimbia kilomita moja kwa takriban dakika 6 na sekunde 30, zaidi kidogo ya kilomita 9 kwa saa. Kwa mwendo huo upepo hauna ukinzani wa maana, isipokuwa siku yenye upepo mkali. Anachoweza kukupa ni utulivu wa mwendo, mazungumzo, na mtu wa kukubebea vitu. Hivyo vina thamani kubwa, lakini mapafu na misuli itabaki kuwa yako.

Kila mwili una kasi yake ya kikomo. Chini ya kikomo hicho, misuli hutengeneza nguvu kwa oksijeni na mabaki ya kazi huondolewa kadiri yanavyozalishwa. Mtu anaweza kuendelea hivyo kwa saa kadhaa, akiongea kwa sentensi fupi. Ukivuka, hata kwa kidogo tu, misuli inaanza kuchoma sukari kwa haraka zaidi, asidi inajikusanya, pumzi inapanda, na saa ya kuishiwa inaanza kuhesabu. Ubaya wake ni kwamba hulihisi mwanzoni. Kilomita tano za kwanza una miguu mipya, watu wanashangilia, ndugu yako yuko pembeni anacheka, kila kitu kinaonekana rahisi. Deni linadaiwa kuanzia kilomita ya 12 au 13, na halilipwi kwa kupunguza mwendo kidogo. Hulipwa kwa kutembea.

Kwa sababu hiyo, kasi ya katikati ndiyo chaguo ninalolipinga zaidi, ingawa linasikika kuwa la haki kuliko yote. Hebu tulihesabu. Yeye hukimbia dakika 5 na sekunde 30 kwa kilomita, wewe 6 na 30. Katikati ni dakika 6 kamili, na kwa kilomita 21.0975 hiyo ni saa 2, dakika 6 na nusu. Kwake ni matembezi ya Jumamosi. Kwako ni kuongeza kasi kwa takriban asilimia 8 juu ya uwezo wako wa mashindano, ugenini, kwenye joto, baada ya safari ndefu ya ndege. Ndugu mmoja anajinyima kidogo na mwingine anaumia vibaya, kisha wote wanamaliza kwa muda mbaya kuliko ule ambao ungeupata peke yako. Mwenye kasi anaweza kushuka bila madhara. Asiye nayo hawezi kupanda kwa sababu ameombwa.

Niondoe na dhana nyingine ambayo naisikia kila wanapokuja ndugu kliniki: "sisi ni damu moja, iweje yeye aniache?" Damu moja haina maana ya mwili mmoja. Katika utafiti mkubwa wa familia uliofanyika Marekani na Kanada, wazazi na watoto wao walipewa mazoezi yaleyale kwa wiki 20. Wengine uwezo wao wa kutumia oksijeni haukusogea karibu kabisa, wengine waliongeza zaidi ya lita moja kwa dakika. Isitoshe, yeye ni mwanaume: kwa wastani moyo wake ni mkubwa zaidi na damu yake hubeba oksijeni nyingi zaidi. Hata kati ya wakimbiaji bora wa dunia, wanaume huwazidi wanawake kwa asilimia 10 hadi 12 hivi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile dakika 21 kati yenu si uvivu wako wala juhudi yake.

Basi zimebaki njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kukimbia pamoja kwa kasi yako tangu hatua ya kwanza. Unaogopa utamharibia mbio zake, na ni kweli hatapata muda mzuri siku hiyo. Mwili wake hautadhurika. Atakuwa miguuni dakika 20 zaidi ya kawaida yake, hatua zitakuwa fupi na huenda nyonga zikamchoka kwa namna asiyoizoea, basi. Afanye mazoezi marefu mawili matatu kwa kasi yako kabla ya safari ili azoee, na alete chakula cha mbioni cha kumtosha kwa muda huo mrefu. Ya pili ni kila mtu kukimbia zake na kukutana mwishoni mahali mlipopanga. Hakuna ubaya wala ubinafsi ndani yake. Kama yeye amejiandaa miezi mingi kwa ajili ya muda fulani, ni bora aseme sasa kuliko kunung'unika kilomita ya 9.

Wapo wanaochanganya: pamoja mpaka kilomita ya 16, kisha mwenye nguvu aende. Sipendi mpango huo kwenye joto, kwa sababu kilomita tano za mwisho ndizo ambazo mtu anahitaji jicho la ndugu yake, na nitakueleza kwa nini.

Wewe umesema miaka hii yote mnaonana kwenye simu tu. Kwa hilo peke yake, mimi ningechagua njia ya kwanza. Rekodi unaweza kuitafuta karibu na nyumbani, bila ndege na bila kuvuka saa 6.

Mkishachagua, mkubaliane kabla ya kusafiri. Mwenye kasi ndogo ndiye anayeshika usukani: wewe ukisema "punguza", hakuna mjadala. Kilomita tatu za kwanza ziwe taratibu kuliko kasi yenu, hata kwa sekunde 10 hadi 15 kila kilomita. Mdogo wako akae ubavuni au nusu hatua nyuma yako, kamwe asitangulie, maana mguu wa anayetangulia humpandisha kasi anayefuata bila wote kujua. Amueni pia mmoja akiumia kifundo cha mguu, mwingine anaendelea au anabaki. Jambo dogo linalosahaulika: mbio nyingi huwapanga watu kwenye makundi ya kuanzia kulingana na muda wao. Kwa kawaida mwenye kasi huruhusiwa kurudi kundi la nyuma, lakini wa nyuma haruhusiwi kwenda mbele. Arudi yeye.

Sasa safari. Ratiba yako ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika mpango huu. Saa ya ndani ya mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja kwa siku, na kuelekea mashariki ni kugumu kwa sababu unaulazimisha mwili ulale kabla haujasikia usingizi. Ukifika Ijumaa jioni bila maandalizi, mbio za saa 1 asubuhi zitaukuta mwili wako ukiamini ni saa 7 usiku. Ukiweza, badilisha tiketi ufike Jumatano au Alhamisi.

Hata usipoweza, yapo ya kufanya. Siku tatu kabla ya kuondoka, lala na uamke saa moja mapema kila siku, na ukiamka tu upate mwanga mkali. Utapanda ndege ukiwa umeshavuka karibu nusu ya tofauti. Mwanga ndio mrekebishaji mkuu wa saa ya mwili, lakini hufanya kazi kwa pande mbili: ukiupata kabla ya ile saa ambayo joto la mwili liko chini kabisa, yaani saa mbili tatu hivi kabla ya muda wako wa kawaida wa kuamka, unakurudisha nyuma. Ukiupata baada yake, unakusogeza mbele. Msafiri wa saa 6 kuelekea mashariki ambaye hakujiandaa, saa hiyo kwake inaangukia karibu saa 3 au 4 asubuhi ya huko. Akikimbilia jua la alfajiri siku ya kwanza anajichelewesha zaidi. Avae miwani ya jua mpaka saa 4, kisha atoke nje akae kwenye mwanga mchana. Ukiwa umejiandaa siku tatu, unaweza kutoka kuanzia saa 2 asubuhi. Melatonini kidogo, yaani homoni ya usingizi, karibu na saa ya kulala ya huko husaidia watu wengi. Muulize mfamasia, kwa sababu baadhi ya nchi huiuza kwa cheti cha daktari tu na zipo dawa ambazo haipatani nazo.

Na usiku wa kuamkia mbio, ukikosa usingizi, usijitese kwa hofu. Usiku mmoja mbaya hupunguza nguvu za mbio ndefu kidogo tu. Kinachoongezeka zaidi ni hisia kwamba kazi ni ngumu. Usingizi wa usiku uliotangulia huo ndio wa kuutunza.

Viatu vya mbio, nguo, na chakula cha mbioni vipande nawe kwenye mkoba wa mkononi. Jumamosi msizunguke mji kwa miguu siku nzima, ingawa najua hamu ya kutembea na ndugu usiyemwona itakuwa kubwa. Mji utakuwepo Jumapili mchana. Kuleni vyakula ambavyo matumbo yenu yanavijua, wanga zaidi na nyuzinyuzi chache. Mbioni, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha, za aina mliyokwisha kuijaribu mazoezini.

Joto ndilo ninaloliogopa zaidi ya umbali. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea kikamilifu: jasho hutoka mapema zaidi, maji ya damu huongezeka, mapigo hushuka. Ninyi hamtakuwa na siku hizo, kwa hiyo futeni muda mliokusudia na mkimbie kwa pumzi. Ukishindwa kusema sentensi fupi, mmekwenda kasi mno.

Kuhusu maji, watu wengi wanaamini kadiri unavyokunywa ndivyo ulivyo salama. Si kweli. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu baada ya Boston Marathon ya mwaka 2002, asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka kupita kiasi, na waliokunywa mpaka uzito wao ukaongezeka ndio waliokuwa hatarini zaidi, pamoja na wale waliochukua muda mrefu njiani. Maji yanayozidi huzimua chumvi ya damu, ubongo huvimba, na mtu anaweza kufa. Sasa fikiria ndugu mwenye upendo, asiyechoka, anayekupa kikombe kila kituo na kusisitiza "kunywa dada, kunywa". Mwambie mapema: utakunywa ukisikia kiu. Maji mengine jimwagieni kichwani na shingoni. Wala msimeze ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, au dawa za jamii yake kabla ya mbio. Hulemea figo na huongeza tatizo hilohilo la sodiamu.

Hapa ndipo faida kubwa ya kukimbia na ndugu inapoonekana. Dalili ya kwanza ya kiharusi cha joto, pale joto la ndani linapopita nyuzi 40, mara nyingi ni akili kuyumba kabla ya mwili kuanguka: mtu anajibu hovyo, anakasirika bila sababu, anapinda njia. Mhudumu asiyekujua anaweza kudhani ndivyo ulivyo. Mdogo wako anajua unavyoongea tangu utotoni. Kila kilomita chache ulizaneni swali dogo lenye jibu mnalolijua ninyi wawili tu.

Huenda mliona picha za Septemba 2016 kutoka Cozumel, Mexico, ambako Mwingereza Jonny Brownlee alikuwa akiongoza shindano la triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia), akaanza kupepesuka kwa joto karibu na mwisho, na kaka yake Alistair akamshika bega na kumsukuma mpaka mstarini. Jonny alishika nafasi ya pili, Alistair ya tatu, na Jonny akapelekwa hospitali. Watu wengi waliguswa, nami niliguswa. Lakini ninyi msifanye hivyo. Ndugu akipepesuka na kuchanganyikiwa, mbio zimekwisha palepale, hata ikiwa zimebaki mita 300. Mlaze kivulini, ita msaada, mvue nguo za juu, mtumbukize kwenye maji baridi au barafu kama yapo, vinginevyo mmwagie na kumpepea bila kukoma. Apozwe kwanza, gari la wagonjwa lifuate.

Na akianguka, asijibu, asipumue vizuri, huo ni moyo. Piga kelele upate msaada na mashine ya kushtua moyo, kisha kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka wahudumu wafike. Katika ule utafiti wa Marekani, waliopona wengi ni wale ambao mtu aliye karibu alianza mara moja. Kwa historia ya familia yenu, ningependa nyote wawili mjifunze huduma hii kwa vitendo kabla ya safari. Ni mafunzo ya saa chache.

Mwisho ni miguu yako na ndege. Safari inayozidi saa 4 huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu, na zaidi kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, mjamzito, au aliyewahi kuganda damu. Kama uko katika kundi hilo, zungumza na daktari kabla ya kukata tiketi. Kila saa inuka, tembea, pandisha na kushusha visigino, na vaa soksi za kubana zinazofika chini ya goti. Ndege ya kurudi ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu utakuwa umekaukiwa maji na vigimbi vinauma kwa haki yake, kwa hiyo dalili inaweza kujificha. Usiondoke Jumapili hiyohiyo. Lala angalau usiku mmoja. Vigimbi vyote viwili vikiuma sawasawa na kupungua siku hadi siku, hayo ni mazoezi. Mguu mmoja ukivimba, ukapata joto, ukauma zaidi kuliko mwenzake, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukibanwa pumzi ghafla au kifua kikichoma unapovuta hewa, usisubiri kupambazuke: nenda usiku huohuo, na umwambie daktari kwamba umetoka mbioni na kwenye ndege ya saa 11.